Baiskeli za jiji zianzie Tandale





Siku hizi nasikia watu wakizungumzia jiji letu la Dar es Salaam kuwa na baiskeli za kukodi, zile unazochukua kituo kimoja na kuziacha kingine, kama majirani zetu wa Kigali walivyoanza mwaka 2021. Wazo zuri, naliunga mkono. Kinachonikera ni mahali wanapotaka zianzie. Ukimuuliza mtu atakutajia Posta, Masaki, Oysterbay na ufukwe wa Coco, yaani baiskeli za kupunga upepo jioni. Sisi wa Tandale, Manzese na Mburahati, ambako baiskeli ndiyo inayoleta unga nyumbani, tunaambiwa tusubiri awamu zijazo.

Awamu zijazo tunazijua. New York ilianza mwaka 2013, baiskeli zikawekwa kusini mwa Manhattan na sehemu za Brooklyn. Bronx, wanakoishi wengi wa kipato cha chini, waliziona 2020. Kama jiji lenye fedha kiasi kile lilichukua miaka saba kuvuka mto mmoja kutoka Manhattan hadi Bronx, sisi na bonde letu la Jangwani, linalofurika na kufunga barabara mvua ikizidi, tutachukua mingapi?

Na anayedhani uswahilini hatujui baiskeli za kukodi aje aone. Kwa fundi jirani yangu watoto wanakodi kwa nusu saa. Ambaye hela yake haijatimia anaacha kandambili rehani na kuondoka peku. Fundi haandiki popote, lakini anajua kila baiskeli iko uchochoro gani.

Tatizo ni pa kupita. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, iliwekewa njia ya baiskeli pembeni. Tukashangilia, na mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza Afrika kuipata. Leo hii simama Magomeni saa moja asubuhi utazame. Muuza samaki anatoka soko la Feri, matenga mawili kwenye keria, maji ya barafu yanachuruzika hadi kwenye tairi. Mbele yake bodaboda watano wameegesha ndani ya njia wakingoja abiria. Anapiga kengele, mmoja anamtazama tu. Akitaka kuwakwepa kwa ndani, kuna meza ya chaja na kava za simu. Basi anashuka na baiskeli yake barabarani kwenye magari, na lori lililo nyuma linampigia honi kama vile yeye ndiye mkosaji. Muuza chaja simlaumu, naye anatafuta riziki. Namlaumu aliyejenga njia akaenda zake bila kuweka hata nguzo ya kuzuia pikipiki.

Ukiiacha barabara kuu na kuingia Tandale, hata hiyo njia ya kugombania haipo. Lami tumepata, tunashukuru, ila bajaji, mkokoteni, mama mwenye ndoo na mtoto wa shule wote wanabanana humo humo. Ukifika kituo cha mwendokasi nako, baiskeli utaiacha wapi? Kituo ninachopandia mimi hakina hata chuma cha kufungia mnyororo. Yangu namlipa muuza magazeti anilindie.

Tukirudi kwenye baiskeli za jiji, hazifanyi kazi vituo vyake vikiwa mbali. Hakuna mtu atakayetembea robo saa kufuata baiskeli ya safari ya dakika kumi, ndiyo maana wenzetu huviweka kila mita 300 hivi. Kwa hiyo kutupachikia kituo kimoja pale Manzese Darajani, ili kwenye ramani ionekane uswahilini wamefika, hakutatusaidia. Malipo nayo yasidai kadi ya benki wala simu janja. Mwenye simu ya kitochi alipe kwa njia ileile anayonunulia umeme. Halafu ziwe na keria, tafadhali. Baiskeli isiyobeba dumu la maji ni ya watalii.

Nguzo za kuzuia pikipiki pale Magomeni na vyuma vya kufungia baiskeli vituoni havihitaji mfadhili kutoka nje. Wahusika wakiamua, vinawekwa mwezi huu. Njia ya kutoka Tandale hadi Barabara ya Morogoro itachukua muda, hilo tunalielewa. Lakini ramani ya baiskeli za kukodi, kabla haijapigwa muhuri, iletwe kwenye mkutano wa serikali ya mtaa tuione na kuihoji. Na mkutano huo uitwe jioni, si saa nne asubuhi wakati wenye baiskeli wako kazini.

Mkazi wa Tandale,
Dar es Salaam