Mwenye Kuku Awe Mwenye Samadi

Mwaka 1923, Cecile Steele wa Ocean View, katika jimbo la Delaware nchini Marekani, aliagiza vifaranga 50 wa kuku wa mayai. Akaletewa 500. Hakuwarudisha. Aliwalea, akawauza kwa nyama, na faida yake ikawatia hamu majirani. Leo rasi ya Delmarva, ambayo Delaware imeigawana na Maryland na Virginia, hufuga kuku wa nyama takriban milioni 600 kila mwaka. Kwa makadirio ya kawaida, kila kuku elfu moja huacha bandani tani moja hivi ya samadi iliyochanganyika na maranda. Hesabu hiyo inafika zaidi ya nusu milioni ya tani kwa mwaka, juu ya ardhi tambarare, yenye mchanga na iliyojaa mifereji, ambayo sehemu kubwa ya maji yake humiminikia Ghuba ya Chesapeake.

Samadi hiyo ni ya nani? Swali hili linaonekana dogo, lakini ndilo lililokwamisha kanuni za kulinda maji dhidi ya mashamba makubwa ya kuku kwa nusu karne. Kwa maoni yangu, haki na akili vinaelekeza kwenye jibu moja: anayemiliki kuku ndiye anayepaswa kuwajibika kwa kinachotoka kwa kuku.

Tukubali kwanza kwamba samadi ya kuku si sumu. Ni mbolea nzuri, na kwa mkulima wa mahindi au soya ni mali. Tatizo liko kwenye kipimo. Mahindi yanahitaji nitrojeni nyingi kuliko fosforasi, ilhali samadi ya kuku ina fosforasi nyingi mno kwa uwiano huo. Mkulima akipima samadi ili mahindi yapate nitrojeni ya kutosha, huwa ameipa ardhi fosforasi kupita ile ambayo zao linaweza kuichukua. Inayobaki hung'ang'ania udongo, ikaongezeka msimu baada ya msimu. Udongo ukishiba, mvua huichukua hadi mferejini, na kutoka mferejini hadi mtoni.

Ikifika majini, fosforasi haibagui mmea. Mwani hustawi haraka na kuyatia maji ukungu wa kijani, nyasi za chini ya maji hukosa mwanga, na mwani unapokufa na kuoza huteketeza oksijeni. Kila kiangazi sehemu za kina za Chesapeake hupungukiwa oksijeni kiasi cha kuwafukuza au kuwaua viumbe, wakiwamo kaa wa buluu na chaza waliowalisha wavuvi wa huko vizazi kwa vizazi. Mwaka 1997, katika mto Pocomoke, samaki walionekana na vidonda na wengi wakafa. Tukio hilo lilihusishwa na kiumbe mdogo aitwaye Pfiesteria pamoja na wingi wa virutubisho majini, na Maryland ikalazimika kufunga sehemu za maji yake. Mwaka uliofuata jimbo hilo lilitunga sheria ya kudhibiti virutubisho mashambani.

Na sheria ya taifa zima je? Sheria ya Maji Safi ya 1972 iliyataja waziwazi mashamba makubwa ya mifugo iliyofungiwa kuwa vyanzo bayana vya uchafuzi, sawa na kiwanda chenye bomba. Kwenye karatasi, huo ulikuwa ushindi. Lakini kanuni za utekelezaji zilizotolewa katika miaka ya 1970 ziliwagusa wafugaji wa kuku waliotumia mifumo ya majimaji, huku banda la maranda makavu likiachwa nje. Na kuku wa nyama, takriban wote, hulelewa juu ya maranda makavu. Ndiyo kusema sekta ilikua kwa karibu miaka 30 bila sheria kuu ya maji kuigusa ipasavyo.

Mwaka 2003 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani liliziba pengo hilo. Shamba lenye kuku wa nyama 125,000 au zaidi kwenye maranda makavu likahesabiwa kuwa kubwa, na kila shamba kubwa likatakiwa kuomba kibali. Kesi zikafuata. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa iliamua kwamba shirika haliwezi kumlazimisha mfugaji kuomba kibali kwa sababu tu huenda akachafua. Ni lazima awe anachafua kweli. Mahakama hiyohiyo iliupa umma haki muhimu iliposema kwamba mipango ya matumizi ya samadi ni lazima ikaguliwe na mamlaka na iwe wazi kwa wananchi. Shirika likajaribu tena mwaka 2008, likiwadai kibali hata wale ambao mashamba yao yamejengwa kwa namna ambayo uchafu utatoka. Mwaka 2011 mahakama nyingine ya rufaa ikakitupa kifungu hicho. Kisha mwaka 2013 mahakama ya shirikisho huko West Virginia ikaamua kwamba vumbi, manyoya na samadi vikichukuliwa na mvua kutoka uwanja wa mabanda, hayo ni maji ya mvua ya kilimo, na maji ya mvua ya kilimo yalisamehewa na Bunge tangu 1987.

Matokeo yake ni kwamba kwa hesabu za shirika lenyewe, chini ya theluthi moja ya mashamba makubwa ya mifugo nchini humo yana kibali cha shirikisho. Shirika linapaswa kuthibitisha kwamba shamba linachafua kabla ya kulidai kibali, ilhali kibali ndicho ambacho kingelifanya shamba litoe taarifa za kuthibitisha hilo. Mashirika ya kiraia yaliomba kanuni hizi zikazwe. Mwaka 2023 shirika lilikataa, likaahidi kulichunguza jambo hilo zaidi.

Hapa watu wengi humwangalia mfugaji na kumlaumu. Wanakosea. Kuku wengi wa nyama Marekani hulelewa kwa mkataba. Kampuni humiliki vifaranga, huleta chakula na dawa, huamua wangapi waingie bandani na siku gani watoke, kisha huwachukua na kuwachinja. Mfugaji hutoa ardhi, mabanda, umeme na jasho, mara nyingi kwa mkopo mkubwa wa benki. Kuku wakiwa hai ni mali ya kampuni. Wakifa bandani, mizoga ni ya mfugaji, na samadi nayo ni yake. Mkataba umegawa kuku vipande viwili: chenye faida kimekwenda juu, chenye mzigo kimebaki chini.

Mgawo huo ndio unaovuruga udhibiti. Kampuni ndiyo inayojua jumla ya kuku katika bonde zima la mto, kwa kuwa ndiyo inayopanga mabanda yajengwe karibu na kiwanda cha chakula na machinjio. Mfugaji mmoja anaijua samadi yake tu. Kila mmoja anaweza kufuata mpango wake kwa uaminifu na bado bonde likazidiwa, maana hakuna aliyeulizwa swali la jumla. Mwenye uwezo wa kulijibu amekaa nje ya kibali.

Zipo hoja za upande wa pili, na zina uzito. Ya kwanza husema kuku si wachafuzi pekee: kuna mbolea za viwandani, maji taka ya miji na bustani za majumbani. Ni kweli. Lakini tazama kilichotokea kwa maji taka. Mwaka 2010 serikali ya shirikisho iliweka kikomo cha uchafuzi kwa bonde zima la Chesapeake, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 166,000 katika majimbo sita na jiji la Washington, na mwaka 2025 ukawa tarehe ya mwisho ya kukamilisha hatua zote. Mitambo ya maji taka ilifikia malengo yake mapema kabisa, kufikia 2016. Kilimo kikabaki nyuma, na lengo la 2025 halikutimia. Mitambo ilikuwa na mmiliki anayejulikana, kibali, na namba ya kutoivuka. Samadi iliachiwa mipango ya hiari, ruzuku na misamaha.

Hoja ya pili husema kanuni kali zitamfilisi mfugaji. Zitamfilisi, kama mzigo wote utatupwa kwake. Maryland imeonja uchungu huo. Kanuni mpya za fosforasi zilipigwa danadana kwa miaka kadhaa. Gavana Larry Hogan alizisimamisha mara tu alipoingia madarakani Januari 2015, na baadaye mwaka huohuo zikapita kwa sura mpya, zikitekelezwa hatua kwa hatua. Wakulima waliuliza swali la haki: samadi ambayo shamba langu haliruhusiwi kuipokea tena, nani ataisafirisha? Jimbo lina mpango wa usafirishaji, na gharama zake huchangiwa na kodi za wananchi pamoja na kampuni. Mwaka 2016 ulipelekwa katika bunge la Maryland muswada ambao ungezifanya kampuni ziwajibike kwa samadi ya ziada ya kuku wao. Haukupita. Kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa muswada wa kumtetea mfugaji kuliko yote iliyojadiliwa, kwa sababu ungeuondoa mzigo kwa mwenye mkopo na kuupeleka kwa mwenye soko.

Hoja ya tatu ni kwamba kampuni zitahamia jimbo lenye ulegevu. Hatari hiyo ipo, na ndiyo sababu kanuni hii haiwezi kuachiwa jimbo moja. Mto Illinois hutoka Arkansas na kuingia Oklahoma hadi ziwa Tenkiller. Mwaka 2005 mwanasheria mkuu wa Oklahoma alizishtaki Tyson na kampuni nyingine za kuku kwa uchafuzi wa bonde hilo. Usikilizaji ulimalizika 2010. Hukumu ilitoka Januari 2023, na jaji aliona kwamba kampuni zinawajibika kwa fosforasi ya samadi iliyomwagwa na wafugaji wao wa mkataba. Msingi wa sheria, basi, upo, na mahakama imeutambua. Lakini mto uliosubiri haki kwa miaka 18 umelipa gharama ambayo hakuna hukumu inayoweza kuirejesha.

Afrika Mashariki bado tuna nafasi ya kuamua mapema. Samadi ya kuku kwetu ingali inagombewa na wakulima wa mboga, na wafugaji wengi ni wadogo. Hata hivyo ufugaji wa mkataba umeshaingia, miji inakula kuku zaidi kila mwaka, na Ziwa Victoria limeshatuonyesha, kwa gugu maji lililoziba fukwe na bandari tangu miaka ya 1990, jinsi maji yaliyozidiwa na virutubisho yanavyolipiza. Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 na ya Tanzania ya 2004 zote zinaitambua kanuni ya mchafuzi kulipa. Tusipotamka mapema ni nani mchafuzi katika mkataba wa kuku, mkataba wenyewe utatamka, na tumekwisha kuona utamtaja nani.

Kinachohitajika si kigumu kukieleza. Kibali kitolewe kwa majina mawili, la mfugaji na la kampuni inayomiliki kuku, kila mmoja akiwajibika kwa anachokiamua. Kampuni itangaze idadi ya kuku wake katika kila bonde la mto kabla ya kujenga banda jipya, na pale ambapo udongo umeshiba fosforasi, ithibitishe kwanza samadi itakwenda wapi na kwa gharama ya nani. Na gharama hiyo iingie katika bei ya kuku. Wako watakaosema nyama itapanda. Huenda ikapanda kidogo. Lakini tofauti hiyo inalipwa hata leo: anailipa mvuvi anayevuta nyavu tupu, mlipakodi anayegharimia malori ya samadi, na mfugaji anayelala na deni. Kanuni ya haki haiongezi gharama mpya. Inamtaka aliyefaidika na kuku ndiye ailipe.