Kosa la Mwanafunzi Lisigeuzwe Kicheko

Ni jambo la kawaida katika skuli zetu za Unguja na Pemba kwa mwanafunzi kuchekwa anapoandika 'goed' mahali pa 'went'. Wenzake hucheka, na pengine mwalimu naye hukemea. Sisi tunaona kwamba kicheko hicho si cha haki, na hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Mtoto huyo hakukosea kwa uvivu. Amefundishwa kwamba 'walk' katika wakati uliopita huwa 'walked', naye ameifuata kanuni hiyo kwa uaminifu. Kilichomponza ni Kiingereza chenyewe, ambacho vitenzi vyake vinavyotumika zaidi kila siku ndivyo vilivyo vikaidi: 'be', 'have', 'do', 'say', 'go', 'come', 'see' na vinginevyo. Hiyo 'went' asili yake ni kitenzi kingine, 'wend', ikaazimwa na 'go' na haikurejeshwa tena. Zamani Waingereza walisema 'holp'. Leo husema 'helped', kwa kuwa wao wenyewe walikirudisha kitenzi hicho kwenye kanuni. Mtoto wetu, basi, amefanya walilolifanya wenye lugha.

Nasi tusijisahau. Mgeni anayejifunza Kiswahili akimwita mwenziwe kwa kusema 'kuja!', tutamweleza kwamba husemwa 'njoo'. Hatutamwita mjinga.

Taabu iliyo kubwa zaidi imo katika nyakati. Sisi husema 'nimemwona jana' bila ya wasiwasi. Kiingereza sanifu hakikubali 'have seen' iandamane na 'yesterday', bali hutaka 'saw'. Sisi husema 'amesimama' kwa mtu aliye wima sasa hivi. Mwanafunzi akifasiri neno kwa neno huandika 'he has stood', ilhali Mwingereza husema 'he is standing'. Mambo kama haya hayafahamiki kwa kukariri orodha ya safu tatu iliyoandikwa ubaoni. Hufahamika pale mwalimu anapoziweka lugha mbili ubavu kwa ubavu, akaeleza kwa Kiswahili fasaha wapi zinakutana na wapi zinaachana.

Jambo hili si dogo. Karibu masomo yote ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kijana wa kisiwani anayejua vyema kwa nini maji hupwa na kujaa huweza kukosa alama kwa sababu tu ameshindwa kupambanua lililotokea jana na litokealo kila siku. Na yule aliyechekwa akaamua kunyamaza, hapotezi Kiingereza peke yake. Hupoteza pia fizikia, biolojia na jiografia.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa elimu wayazingatie mambo matatu. Kwanza, walimu wapewe mafunzo ya kuzilinganisha nyakati za Kiswahili na za Kiingereza, na wasione haya kukitumia Kiswahili katika kufafanua. Pili, vitenzi vikaidi vianze kufundishwa kwa vile vichache vinavyotumika sana, navyo viwekwe ndani ya sentensi na hadithi, si katika orodha tupu. Tatu, vitabu vya kusoma viwafikie watoto wa Kojani, Tumbatu na Uzi kama vinavyowafikia wa mjini, maana 'went' huzoeleka kwa kukutana nayo mara nyingi, wala haina njia ya mkato.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani na daftari lililojaa wino mwekundu, msianze na fimbo. Mwulizeni alitaka kusema nini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi twaongeza kwamba kukosea kwa mwenye kujifunza nako si ujinga. Ujinga ni kumnyamazisha.