KIDOLE KIMEGOMA, WEKA TENA!

Najua nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa kwetu Mbesa, mkoani Ruvuma, na nimerudi na hasira, kwa hiyo leo mnivumilie.

Mwaka jana nilihudhuria semina ya waandishi wa habari kuhusu usalama wa fedha mtandaoni. Hoteli nzuri, kiyoyozi, chai na sambusa mbili mbili. Mtoa mada akatueleza kwamba Watanzania wanaibiwa kwa sababu ya uzembe na tamaa zao wenyewe. Tukasaini posho, tukarudi ofisini, na mimi kwa mikono yangu hii nikaandika habari yenye kichwa "Wananchi watakiwa kuwa makini na matapeli". Ikatoka ukurasa wa tano. Nikajiona nimefanya kazi.

Sasa sikilizeni ya mjomba wangu.

Mjomba ni mkulima wa korosho, na kwetu sisi Wayao mjomba si mtu wa kumsalimia sikukuu tu. Ndiye aliyenilea, na korosho zake ndizo zilizonisomesha mpaka chuo kikuu. Tukisikia "huduma za benki mtandaoni" wengi tunamfikiria mtu wa Dar mwenye kompyuta. Mjomba hana kompyuta. Benki yake ni simu ya kitochi. Fedha za mauzo zikiingia kwenye akaunti anazihamishia kwenye simu, na humo humo analipia salfa ya mikorosho na mahitaji ya shule ya wajukuu. Ile laini ndiyo pochi yake, ndiyo saini yake.

Laini hiyo ilipopotea alikwenda siku ya gulio kwa kijana wa mwamvuli kusajili nyingine. Akataja namba yake ya NIDA, akaweka kidole. Kijana akatazama kimashine chake: "Kidole kimegoma mzee, weka tena." Akaweka. "Bado, mikono ya jembe hii! Futa vumbi uweke tena." Akaweka mara ya tatu, akashukuru, akaondoka na laini moja.

Miezi kadhaa baadaye akaitwa polisi. Mama mmoja wa mkoa mwingine alikuwa amepokea ule ujumbe tunaoujua sote, "ile hela itume kwenye namba hii", naye akatuma ada ya mwanawe. Namba ilipofuatiliwa, likaja jina la mjomba. Mzee ambaye hajawahi kudaiwa hata na muuza chumvi akakaa kwenye benchi akieleza kwamba yeye si mwizi. Walimsikiliza, wakamwachia. Aliponipigia jioni aliniuliza swali moja tu: "Mpwa wangu, mimi nimekuwa tapeli lini?"

Nilipofika Mbesa tulikaa uani, tukapiga *106#, ile inayoonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zikaja tatu. Yeye anaijua moja.

Haya, mtoa mada wangu wa semina, uzembe wa mzee huyu uko wapi? Hakumtajia mtu namba ya siri. Hakufungua ujumbe wa ajabu ajabu. Alifanya alichoagizwa na serikali yake! Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na Januari 2020 zile ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Nchi nzima ilipanga foleni. Tuliambiwa kwamba kila laini ikiwa na mwenyewe, matapeli watakosa pa kujificha. Ni kweli, sasa kila laini ina mwenyewe. Ya tapeli mwenyewe wake ni mjomba wangu! Mwizi aliyekuwa hana jina tumempa jina la mtu mwema ajifiche ndani yake.

Namba ya siri ikiibiwa unaibadilisha kabla chai haijapoa. Kidole utabadilisha na nini?

Simlaumu sana yule kijana wa mwamvuli. Naye anatafuta ugali, na analipwa kwa idadi ya laini anazosajili. Lakini nani alimpa mwamvuli, fulana na kimashine? Akisajili laini elfu moja, kampuni inajisifu kwa kuwa na wateja wengi. Akiiba vidole vya watu, ghafla anakuwa "wakala wa kujitegemea". Hii ni biashara gani ambayo faida ina baba na hasara ni yatima?

Mtaniambia wapo wazembe kweli. Wapo. Bibi yangu mwenyewe humpa mjukuu simu pamoja na namba ya siri amtolee hela, kwa sababu hasomi. Lakini tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, huduma hizi zimepelekwa vijijini kwa watu kama bibi, huku ikijulikana wazi kwamba wengine hawasomi. Wakati wa kuwakata makato hawakuwa wazembe. Wamekuwa wazembe walipoibiwa!

Na si kwamba hatuna sheria. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Sasa nendeni kwa wakala yeyote mtazame lile daftari la mezani: majina, namba za simu, namba za vitambulisho, yeyote anafunua. Kwenye ofisi moja (siitaji) nilikuta orodha ya malipo ya wakulima imebandikwa ukutani, majina, namba za akaunti na kiasi cha kila mmoja, vyote vinasomeka toka barabarani. Halafu mjomba aambiwe awe makini. Awe makini na ukuta?

Hoja yangu ni hii. Laini ikisajiliwa kwa jina la mtu bila ridhaa yake, kampuni iliyoisajili ndiyo iitwe ijieleze, na ndiyo imlipe aliyetapeliwa. Siku hasara itakapohamia kwao, mtashangaa jinsi vimashine vitakavyoacha "kugoma".

Wakati tunangoja hilo, wadau, pigeni *106# leo, na muwapigie wazee wenu kijijini. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika, siyo kwenye mwamvuli, ukaifute. Ujumbe wa matapeli usiufute tu, itume namba yao kwenda 15040. Na ukiambiwa kidole kimegoma, dai kukiona kioo cha kile kimashine kabla ya kuweka tena.

Laini mbili za mjomba zimefungwa. Nauli ya kuzifuatia tumetoa wenyewe, na yule mama hajarudishiwa ada ya mwanawe.

Kesho nampelekea mhariri habari mpya: "Kampuni za simu zatakiwa kuwa makini na vidole vya wananchi". Akiikataa, mtaisoma hapa hapa.

Naomba kuwasilisha.