Utani wa Makabila: Upi Tuwarithishe Watoto?

Mwezi huu tuzungumzie jambo tunalolisikia sokoni, kwenye basi, msibani na hata mezani tukila na watoto wetu: utani wa makabila. Wengi wetu tumelelewa nao. Tunacheka, na maisha yanaendelea. Lakini watoto wanasikiliza, na inafaa tujue tunawaachia nini.

Utani wa wazee wetu haukuwa maneno matupu. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walitembea kwa miguu kutoka huku bara hadi Bagamoyo, wakipita Ugogo na Uzaramo. Njiani palikuwa na ugomvi wa maji, chakula na ushuru. Palikuwa pia na waliougua na kufia ugenini, wakahitaji mtu wa kuwazika. Katika safari kama hizo watu wa bara na Wazaramo wakawa watani. Wengine walitoka kwenye vita: Wangoni na Wahehe walipigana vikali, baadaye wakataniana. Mtani aliruhusiwa kukutania mpaka msibani, nawe ulikatazwa kukasirika. Lakini siku hiyo hiyo ya msiba yeye ndiye aliyeshika jembe. Nawe ulikuwa na haki na wajibu uleule kwake.

Huku kwetu Usukumani, hata jina letu lilitokana na majirani. Sukuma maana yake ni kaskazini, ndivyo Wanyamwezi walivyowaita wenzao wa upande huo. Na baada ya mavuno vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kwa nyimbo za kejeli. Ngoma ikiisha, watu ni majirani kama kawaida.

Mjini mambo yakawa mengine. Anayekutania hakujui, wala hatakuja kuchimba kaburi. Ule wajibu umeondoka, zikabaki sifa tu: Msukuma mshamba, Mchaga mpenda fedha, Mhaya mwenye majivuno, Mkurya mwepesi wa kupigana. Baadhi ya sifa hizo zinafifia. Shule za bweni, Jeshi la Kujenga Taifa, Kiswahili na ndoa vimetuchanganya. Baada ya sensa ya mwaka 1967, makarani hawakutuuliza tena kabila. Mtoto wa baba Mhaya na mama Msukuma, aliyezaliwa Bariadi, utamtania kwa lipi?

Nyingine hazifi, zinageuka sura. Mwaka 2015 tulipata Rais kutoka Chato, John Magufuli, aliyesimama mikutanoni akasema Kisukuma bila haya. Yule wa kuchekwa kwa ushamba sasa akasemwa kuwa ndiye mwenye nchi. Baada ya kifo chake mwaka 2021 likazuka jina la Sukuma Gang, na mzaha ukawa fimbo ya siasa. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, machifu wa Kisukuma walimpa Rais Samia Suluhu Hassan, mama wa Zanzibar, jina la Chifu Hangaya.  Basi tusidhani utani unapungua wenyewe. Huelekea pale tunapouelekeza.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na sisi wauguzi usaha tunaujua. Kisukuma hakina sauti ya r, ndiyo maana mama wa kijijini husema balabala. Hiyo ni lugha yake ya kwanza, si ujinga. Lakini tumeona mama mjamzito akichekwa kwenye foleni ya kliniki kwa matamshi yake. Akiingia ndani na kuulizwa hali, hujibu neno moja tu, mhola, yaani salama. Hasemi kwamba kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu, dalili ambazo mjamzito hatakiwi kulala nazo hata usiku mmoja. Kicheko kimemfunga mdomo.

Angalia pia ule mzaha kwamba Msukuma akiona mwanamke mweupe huongeza ng'ombe wa mahari. Wanaume hucheka, binti hasikii kicheko. Anasikia bei yake. Kisha anatafuta krimu ya kujichubua. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, kwani zebaki huharibu figo, na ngozi iliyochubuliwa huweza kudhurika moja kwa moja.

Je, tuwakataze watoto utani wote? Hapana. Nyumba isiyo na utani imepooza. Tuwafundishe kupima kwa maswali matatu. Anayetaniwa anaweza kunijibu vilevile, au ananiogopa? Nikisikia amefiwa, nitakwenda? Maneno haya ningeyasema mbele ya mkwe wangu wa kabila hilo?

Utani ukipita hapo, ucheke nao. Usipopita, uachie kwako, usimfikie mtoto. Na mwanao akileta mchumba wa kabila jingine, usianze na yale uliyoyasikia kwenye basi. Mkaribishe, mpe maji, muulize habari za nyumbani kwao. Na wewe uliye kwenye foleni ya kliniki, jirani yako akisema balabala, msogezee nafasi kwenye benchi, mwambie aseme yote yanayomuuma.