Mwenye hadithi aliondolewa kwa nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu filamu ya katuni iitwayo "Brave" ya kampuni ya Pixar, Marekani. Hadithi ile aliibuni mama mmoja, Brenda Chapman, kutokana na mivutano yake na binti yake mwenyewe. Wala hakuwa mwanagenzi, kwani mwaka 1998 alikuwa mmoja wa waongozaji watatu wa "The Prince of Egypt". Pixar wakamkabidhi kazi, mwanamke wa kwanza pale kuongoza filamu ndefu. Mwaka 2010 wakamwondoa, wakamweka Mark Andrews. Mwaka 2012 filamu ikatoka, naye mama akaihama kampuni.

Sasa nauliza, kama kazi yake ilikuwa mbovu, mbona mwaka 2013 tuzo ya Oscar walipewa wote wawili?

Najua wapo watakaosema hata wanaume huondolewa. Ni kweli, Jan Pinkava aliondolewa kwenye "Ratatouille". Lakini waongozaji wanaume walikuwapo tele. Huyu alikuwa peke yake. Baada yake ilipita miaka 10 ndipo Domee Shi akaongoza "Turning Red" mwaka 2022.

Mpenda Sinema,
Morogoro.