Mkwaruzo wa Likembe Si Umaskini

Hapa Kindu, kijana akifunga waya kwenye kopo, akauunganisha na spika ya redio iliyokufa na kuanza kupiga, wakubwa hawakawii kutoa hukumu: "Acha makelele, tafuta gitaa." Mwenye kujua mambo ya mbali huongeza kwamba muziki wa majaribio ni wa wazungu wenye studio na muda wa kupoteza, Mkongomani ana rumba yake, na kijijini kwa wazee kuna ngoma. Kati ya hivyo viwili, eti, hakuna kitu. Imani hiyo nimeisikia Kasuku, nimeisikia ng'ambo ya Lualaba kule Alunguli, tena kwa watu waliosoma. Ni ya uongo, na inatuharibia watoto.

Mtazameni Mzee Mingiedi Mawangu. Alikuwa Mzombo, wa kabila la mpakani na Angola, fundi wa likembe. Mwaka 1966 aliunda Kinshasa kundi la Konono No 1. Likembe ni chombo cha ndimi kinachoshikwa mikononi, na sauti yake hutosha ua wa nyumba. Katikati ya magari na baa za Kinshasa ilimezwa. Mzee akachukua sumaku za vipuri vya magari mabovu, akajitengenezea vinasa sauti, akaziunganisha likembe tatu, ya juu, ya kati na ya besi, na vipaza sauti vyenye midomo kama tarumbeta. Sauti ikatoka kubwa, na ikatoka na mkwaruzo. Mzee akaupa mkwaruzo ule nafasi yake ndani ya wimbo, kama mwimbaji mmoja zaidi.

Hapo ndipo wapinzani wangu husema: alikosa pesa tu, angekuwa nazo angenunua vyombo safi. Wanaosema hivyo hawajaishika likembe ya zamani wakaichunguza. Nyingi zina vipete vidogo vya chuma vilivyovishwa kwenye ndimi zake, na kazi ya vipete hivyo ni moja: kutia mvumo na mkwaruzo. Wazee wetu waliitaka sauti ya namna hiyo kabla waya wa umeme haujafika katika nchi hii. Mingiedi aliichukua ladha ya mababu akaipitisha kwenye betri. Umaskini unaweza kutueleza kwa nini sumaku zilitoka garini. Hauwezi kutueleza sikio lililochagua, maana maskini Kinshasa walikuwa wengi na Konono ilikuwa moja.

Tena tuangalie tunavyowapima wengine. Mwaka 1958 Mmarekani Link Wray alitoboa spika ya amplifaya yake ili gitaa likwaruze. Mwaka 1964 Mwingereza Dave Davies wa The Kinks aliichana yake kwa wembe. Vitabu vya roki vinawaita wavumbuzi. Kitendo kile kile kikifanywa na Mwafrika kinaitwa shida, na wa kwanza kukiita hivyo ni sisi wenyewe. Hilo ndilo linaloniuma.

Na nani alikuwa mwanafunzi wa nani? Mbelgiji Vincent Kenis alimsikia Mingiedi redioni, akamtafuta miaka mingi hadi akampata, na albamu ya Konono iitwayo Congotronics ikatoka mwaka 2004. Mwaka huo huo The Ex, bendi ya Uholanzi isiyokubali njia za kawaida, iliweka kwenye albamu yake Turn wimbo uliojengwa juu ya muziki wa Konono. Mwaka 2007 Björk wa Iceland aliwaita wapige katika albamu yake Volta. Mwaka 2011 Deerhoof, bendi ya roki ya majaribio kutoka San Francisco, ilipanda jukwaa moja na Konono na kundi jingine la Kongo, Kasai Allstars. Kazi yao ya pamoja ilikuja kuwa albamu mwaka 2022, na jina lake ni Where's the One?, yaani "Ile moja iko wapi?" Kwa watu wa roki, "moja" ni pigo la kwanza, nguzo wanayoishikilia wasipotee. Kwa Wakongomani haikuwepo pale walipozoea kuikuta, ikabidi waulize. Watu tunaowasadiki kuwa ndio wenye majaribio walisimama mbele ya likembe wakiuliza njia.

Nakubali kwamba makofi mengi yalitoka Ulaya na Marekani. Lakini Mingiedi alikuwa amewachezea Wazombo wenzake katika sherehe zao karibu miaka arobaini kabla ya Congotronics. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alicheza kwao, lakini taifa lilichelewa mno kumtunza. Alifariki mwaka 2015, na wengi hapa Maniema hawakuwahi kulisikia jina lake.

Hata rumba tunayoinua kama ngao, ile iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, ni mtoto wa majaribio. Zaiko Langa Langa, iliyozaliwa mwishoni mwa mwaka 1969, ilitupa tarumbeta na saksofoni ikaliachia gitaa na ngoma uwanja. Mwenda Jean Bosco kule Katanga alilifanya gitaa moja lisikike kama mawili, na Masanga yake, iliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, ingali inafundishwa. Na katika mto huu huu wetu, chini ya Kisangani, Walokele walichonga gogo lenye sauti mbili, ya kiume na ya kike, likapeleka maneno kamili kijiji cha pili. Kama huo si ufundi wa sauti, basi neno hilo halina maana.

Sisi wa Maniema tuna Walega, Wakusu, Wasongola, Wagenia, Wazimba na Wabangubangu, kila mmoja na vyombo vyake. Lakini kijana wa Mikelenge anayetaka kuitwa mwanamuziki anajifunza kwanza kuiga sauti ya nyota wa Kinshasa, kisha anamngoja mtu wa kumpeleka studio. Redio zetu zimpe nusu saa anayepiga kitu ambacho hakijapata jina. Makanisa yenye vyombo yamfungulie mlango siku ambazo hakuna ibada. Na wewe mzazi, mwanao akileta kopo lake lenye waya, usimwambie anyamaze. Mwambie arudie, toa simu yako urekodi, kisha umuulize sumaku ile ameitoa wapi.