Wakili wa Mnunuzi Asiwe wa Muuzaji

Katika mambo yote ayafanyayo mwananchi wa kawaida maishani mwake, hakuna limezalo akiba yake kwa mkupuo mmoja kama kununua nyumba. Hizo huwa ni fedha za miaka 20 ya kazi bandarini, au kiinua mgongo cha mwalimu aliyestaafu, au jasho la mtoto aliyeko Uarabuni anayetaka wazee wake wapate pa kujistiri. Hata hivyo, mtu yule yule azungukaye maduka matatu kabla ya kununua kitambaa cha kanzu, siku ya kununua nyumba humkubali wakili wa kwanza anayeonyeshwa na dalali. Na dalali naye mara nyingi humwonyesha wakili anayemtumikia muuzaji.

Hoja inayotolewa ni nyepesi: ya nini kulipa mawakili wawili kwa kazi moja? Sisi twaiona hoja hiyo kuwa ndio mlango unaopitia msiba, kwani kazi si moja. Muuzaji ataka apate fedha zake zote, upesi, wala asiulizwe mengi. Mnunuzi ataka fedha zake zisitoke mpaka ajulikane mwenye mali ni nani, mipaka yake ni ipi, na madeni yake ni yapi. Mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani, hawezi kuharakisha na kuchelewesha kwa wakati mmoja. Tena likizuka la kuzuka, mahakama zetu zimekwisha kusema kwamba wakili aliyewatumikia watu wawili katika shughuli moja haimfai baadaye kusimama upande wa mmoja kumpinga mwenziwe katika shughuli hiyo hiyo. Hapo mnunuzi hujikuta hana wakili siku ile hasa amhitajiapo.

Wapo watakaosema kwamba hati miliki ikiwa mkononi, na msajili wa ardhi akithibitisha jina la mwenyewe, basi shaka imekwisha. Fikira hiyo ilivunjwa tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotoa hukumu katika kesi baina ya Dina Management Limited na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kesi hiyo ilihusu kiwanja cha Nyali, kando ya ufuo wa bahari, ambacho mwaka 1989 kiliandikishwa kwa jina la Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kisha kikauzwa mpaka kikafika kwa kampuni hiyo. Mwaka 2017 serikali ya kaunti iliubomoa ukuta wa kiwanja ili kufungua njia ya kwenda ufuoni. Kampuni ikaonyesha hati yake. Mahakama ikasema kwamba hati peke yake haitoshi. Sharti mzizi wake utazamwe tangu ardhi ilipogawiwa mara ya kwanza. Na kwa kuwa ugawaji ule wa kwanza haukufuata sheria, hapakuwa na haki yoyote ya kumpitishia mnunuzi wa baadaye. Kifungu cha 40 cha Katiba ya mwaka 2010 hakiilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria, ijapokuwa aliyeishika mwisho aliinunua kwa fedha zake za halali.

Fundisho la hukumu hiyo halijawafikia wengi. Cheti anachokipata mtu katika ofisi ya ardhi humwonyesha jina lililomo daftarini leo. Hakimwelezi jina hilo liliingiaje. Kuifuata njia hiyo kinyumenyume, toka uhamisho mmoja hadi mwingine, mpaka kwenye barua ya ugawaji na ramani ya upimaji, ni kazi ya wakili. Nasi twauliza: ni wakili gani wa muuzaji atakayejitolea kuichimba hati ya mteja wake mwenyewe?

Hapa Pwani yako mambo mengine ambayo mgeni wa mambo haya hawezi kuyatambua kwa macho. Mjini Mombasa, katika mitaa kama Majengo, ziko nyumba ambazo mwenye kuta na paa si mwenye kiwanja. Ndizo zile tuziitazo nyumba bila ardhi, ambazo wenyewe humlipa mwenye ardhi kodi. Mtu aweza kulipa fedha nyingi akidhani amenunua vyote viwili, kumbe amenunua matofali na mabati. Kadhalika, mashamba mengi ya Kilifi na Kwale hayauziki bila kibali cha bodi ya kusimamia ardhi, na sheria yataka ombi la kibali lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Bila kibali hicho mkataba hubatilika, hata kama wawili hao wamepeana mikono mbele ya wazee.

Wala tusimsahau muuzaji. Naye yampasa awe na mtu wake. Tangu Januari 2023 kodi ya faida itokanayo na kuuza mali ilipanda kutoka asilimia 5 hadi asilimia 15, na mzigo huo ni wa muuzaji, kama vile ushuru wa stempu, asilimia 4 mijini na asilimia 2 mashambani, ulivyo mzigo wa mnunuzi. Asiyeelezwa mapema hupanga matumizi ya fedha ambazo si zake. Na ikiwa nyumba iko katika rehani, benki haitaiachia hati mpaka ilipwe deni lake, au ipate ahadi ya maandishi ya wakili kwamba italipwa. Ahadi hiyo ina nguvu kwa sababu mahakama yaweza kumlazimisha wakili kuitimiza. Mtu asiye wakili hana ahadi ya namna hiyo ya kutoa.

Kwa mwenye kuweka nyumba yake rehani, au kuihamisha rehani yake kutoka benki moja hadi nyingine, onyo letu ni hili: wakili anayeandika hati za rehani ni wa benki, ingawa ada yake hulipwa na mkopaji. Kazi yake ni kuulinda mkopo, si kumlinda mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba rehani ya nyumba ya ndoa si halali ila mume au mke anayekaa humo awe ameweka sahihi au ametoa ridhaa yake. Ridhaa hiyo haina maana ikiwa mama wa nyumba ameitwa ofisini kutia sahihi karatasi za Kiingereza ambazo hakuna aliyemfasiria hata mstari mmoja.

Basi wakili achaguliwe vipi? Kwanza, jina lake litafutwe katika orodha ya Chama cha Wanasheria cha Kenya, kwani kila wakili hutakiwa kuwa na cheti cha kazi cha mwaka ule ule. Hili si jambo la mzaha. Mwezi wa Oktoba 2023 tawi la Nairobi la chama hicho lilitangaza kwamba mtu mmoja aliyekuwa akijiita wakili hakuwa mwanachama wake wala hakuwa na leseni. Pili, aulizwe kama kazi za ardhi ndizo azifanyazo, au ni mtetezi hodari wa kesi za jinai anayegusa ardhi mara moja kwa mwaka. Tatu, aulizwe waziwazi kama anamtumikia muuzaji, dalali au mjenzi wa nyumba hizo. Nne, aandike ada yake na gharama nyingine zote kabla ya kuanza. Tano, ijulikane fedha za malipo ya kwanza, ambazo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei, zitawekwa na nani na zitarudi kwa masharti gani. Sita, na kwetu hili si la mwisho kwa uzito, akubali kuusoma mkataba wote na mteja wake kwa lugha aielewayo.

Twajua jibu litakalotolewa: maskini hana fedha za wakili. Ni kweli kwamba ada ni nzito kwa wengi, na serikali imeweka kiwango ambacho wakili haruhusiwi kushuka chini yake. Lakini ada hiyo ni sehemu ndogo ya bei ya nyumba, na anayeikwepa huweka rehani bei nzima. Tena anayeahidi kufanya kazi chini ya kiwango cha sheria amekwisha kumwonyesha mteja, siku ya kwanza kabisa, jinsi anavyoiheshimu sheria.

Hata hivyo, lawama zote zisibebwe na mwananchi. Chama cha Wanasheria chapaswa kukataza kabisa wakili mmoja kuwatumikia mnunuzi na muuzaji wa nyumba ya kukaa. Nazo ofisi za ardhi, kuanzia Mombasa, Kilifi na Kwale, zibandike milangoni mwao, kwa Kiswahili kilicho wazi, maswali ambayo kila mnunuzi anapaswa kuyauliza kabla ya kutoa hata shilingi moja. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Mpaka hayo yatendeke, ulinzi wa mnunuzi umo mikononi mwake. Dalali akisema, "Wakili yupo, usijisumbue," na amshukuru kwa adabu, kisha aende akamtafute wa kwake.